Kakataa kupandishwa cheo, eti kodi itammaliza. Tujadili

Mkokotoaji (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo idara ya mishahara mwaka wa kumi na moja sasa. Wiki iliyopita mhandisi mmoja wa hapa kazini, kichwa kweli kweli, aliletewa barua ya kupandishwa cheo akairudisha. Pembeni ya barua kaandika kwa kalamu ya bluu: "Nitaingia ngazi ya juu ya kodi, nitabaki na kidogo kuliko sasa." Bosi wake akaniletea mimi barua hiyo, kana kwamba kodi naitunga mimi.

Tuanze na hesabu maana hapo jamaa kateleza. Watu wengi, tena wasomi, wanadhani ngazi ya kodi ni mlango: ukishaingia, mshahara wote unatozwa kwa kiwango cha chumba hicho. Siyo. Ni ndoo zilizopangwa kwenye mteremko. Ya kwanza ikijaa ndipo maji yanamwagikia ya pili, na kila ndoo inachotwa kwa kata yake. Chukueni jedwali la kubuni: milioni ya kwanza haina kodi, milioni mbili zinazofuata zinatozwa 20%, kinachozidi milioni tatu kinatozwa 40%. Anayelipwa milioni tatu anakatwa 400,000 na kubaki na 2,600,000. Mwongeze 200,000. Ni hiyo nyongeza tu ndiyo inayokatwa 40%, yaani 80,000. Anabaki na 2,720,000. Mkononi kaongeza 120,000.

Ukigawanya makato yake yote kwa mshahara wote unapata 15%. Hiyo ni kodi ya wastani, inakuonyesha mzigo una uzito gani. Lakini mtu anapoamua achukue cheo au aache, kinachomhusu ni ile 40%. Mimi naiita kodi ya senti ya mwisho.

Sasa swali langu. Tuseme hesabu anaijua. Bado katika kila 100 ya ziada, 40 inaondoka kabla hajaiona. Na kuna nchi zilifika mbali kuliko hapo. Marekani mwaka 1944 na 1945 kiwango cha juu kilikuwa 94% kwa kipato kinachozidi dola 200,000, na kuanzia 1951 hadi 1963 hakikushuka chini ya 91%. Uingereza ya katikati ya miaka ya 1970 ilitoza hadi 83% kwenye mshahara na 98% kwenye gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) na riba. Wenye vipato vikubwa walifanya nini? Waliacha kazi? Walihama? Walikunja uso wakaendelea? Nataka mwenye ushahidi, mwenye hasira asubiri.

---

KodiNiWizi

Walihama. Uzi umeisha, mods fungeni.

---

Bin_Hisabu

Mkuu KodiNiWizi, punguza mwendo kwanza.

Kodi ikipanda, ndani ya mtu mmoja kunakuwa na mivutano miwili. Mmoja unamwambia saa ya ziada hailipi kama zamani, kalale. Mwingine unamwambia ada na mkopo wa nyumba havijapungua, ongeza saa uzibe pengo. Wachumi wanaiita athari ya mbadala na athari ya kipato. Kwa sababu zinavutana, huwezi kukaa kwenye kiti ukatabiri. Inabidi uende ukaone watu walifanya nini.

Ronald Reagan, mwigizaji aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipenda kusimulia kwamba enzi za uigizaji wake, mtu akishacheza filamu kadhaa na kipato kikafika ngazi ya 90 na ushee, anakwenda zake kupumzika hadi mwaka mwingine. Naamini kabisa. Ila angalia ni nani anayesema: mwigizaji, anayelipwa kwa filamu, anayechagua mkataba mmoja mmoja. Meneja wa mshahara wa mwezi hawezi kumwambia mwajiri "kuanzia Oktoba sionekani, kodi imefika juu".

Mfano ninaoupenda mimi ni Aisilandi, 1987. Nchi ilikuwa inatoka kwenye utaratibu wa kutoza kipato cha mwaka uliopita, inaingia kwenye kukata papo kwa papo kuanzia 1988. Ili watu wasilipe kodi za miaka miwili ndani ya mwaka mmoja, kipato cha 1987 hakikutozwa kabisa. Mwaka mzima, senti ya mwisho kodi yake ni sifuri! Na watu kweli walifanya kazi zaidi, hasa wale waliokuwa na uwezo wa kujipangia saa au kuchukua kazi ya pili. Kwa hiyo tusiseme kazi haijibu kodi. Inajibu, kwa yule aliyeshika usukani wa saa zake.

---

Shifti_ya_Usiku

Naomba niingie hapo kwenye usukani.

Mimi ni daktari wa nusu kaputi. Mshahara wangu wa msingi umeshajaza ndoo zote za chini za mleta uzi. Kwa hiyo shifti ya ziada, yote kuanzia senti ya kwanza, inaangukia kwenye ndoo ya juu. Ijumaa mchana mratibu wa zamu anapita na daftari lake: "Dokta, Jumamosi usiku kuna nafasi." Hapo hapo, nimesimama na barakoa shingoni, nagawanya kichwani. Malipo ya kazi ya saa kumi na mbili, toa kodi, toa nauli ya usiku, toa msichana wa kulala na mtoto, na yeye namlipa kwa hela iliyokwisha kukatwa kodi. Kinachobaki nakigawa kwa saa kumi na mbili. Kikizidi thamani ya usingizi wangu nasaini. Kisipozidi namwambia nina harusi. Mratibu yule anadhani nina ukoo mkubwa ajabu.

Kazi ya mchana sijawahi kuifikiria hivyo hata siku moja. Wala sikuchagua udaktari kwa kuangalia jedwali la kodi.

Na mleta uzi, kabla hujamcheka sana mhandisi wako, kuna mahali mlango upo kweli. Uingereza, tangu Aprili 2010, ukivuka pauni 100,000 kwa mwaka unaanza kunyang'anywa ule msamaha wa kodi wa kila mtu (kipato cha mwanzo kisichotozwa), pauni moja kwa kila mbili unazozidisha. Msamaha ni pauni 12,570, kwa hiyo unaisha ukifika 125,140. Fanya hesabu ya mtu anayetoka 100,000 kwenda 110,000. Kodi ya 40% kwenye ile 10,000 ni 4,000. Msamaha uliopotea ni 5,000, nao sasa unatozwa 40%, ongeza 2,000. Mchango wa bima ya taifa 2%, ongeza 200. Katika 10,000 anabaki na 3,800. Kwenye jedwali lililochapishwa ngazi yake inasomeka 40%, lakini kinachomtoka ni 62%.

Ukiwa na watoto wadogo ndiyo unakutana na mlango wenyewe. Mzazi mmoja tu akivuka hiyo 100,000 hata kwa pauni moja, familia inapoteza sehemu kubwa ya msaada wa serikali wa gharama za kulea watoto, kwa mpigo. Huyo akikataa nyongeza ya pauni 2,000 hajakosea hesabu. Au anafanya wanachofanya wengi: ziada yote anaisukumia kwenye mfuko wa pensheni ili kipato kisomeke chini ya mstari.

---

Mkokotoaji

Dada Shifti, nimekubali. Hapa kwetu hakuna mlango wa namna hiyo, nimepekua kanuni usiku mzima. Lakini nimejifunza kuuliza kwanza.

---

TozaMatajiri

Hadithi nzuri ya harusi. Ila madaktari wangapi wana shida hiyo? Tusigeuze kero ya asilimia ndogo ya watu kuwa sera ya nchi.

---

Shifti_ya_Usiku

Asilimia ndogo, ila ni hao hao unaowataka ukiwa umelala mezani umefunguliwa tumbo.

Kuanzia Aprili 2016 Uingereza ilibana kiasi ambacho mwenye kipato kikubwa anaweza kukuza pensheni yake kwa mwaka bila kutozwa. Pensheni ya daktari wa serikali inakua yenyewe kwa fomula, hachagui. Kwa hiyo daktari bingwa anachukua shifti chache za ziada, mwisho wa mwaka anapokea hati ya kodi inayoweza kuzidi alicholipwa kwa shifti hizo. Yaani kalipia ili afanye kazi. Wakaanza kukataa shifti, wengine wakastaafu mapema, foleni za wagonjwa zikarefuka. Serikali ikalegeza 2020, ikalegeza tena Aprili 2023 kwa kupandisha kikomo cha mwaka kutoka pauni 40,000 hadi 60,000. Serikali hailegezi kodi ya matajiri kwa huruma, TozaMatajiri. Ililegeza kwa sababu vyumba vya upasuaji vilikosa watu.

---

Fundi_wa_Mikataba

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme ukweli ambao watu wa kipato changu hawausemi hadharani.

Kodi ya juu ilipopandishwa sikupunguza hata saa moja ya kazi. Nilichobadilisha ni jina la hela. Ni mshauri wa miradi, nilikuwa nalipwa kama mtu binafsi. Mhasibu wangu akaniita, akafunga mlango, akachora visanduku vitatu kwenye karatasi: mshahara, faida ya kampuni, gawio. Akasema, "Kazi ni ile ile, mteja ni yule yule, chagua kisanduku." Nikafungua kampuni. Najilipa mshahara mdogo, kinachobaki kinalala kwenye kampuni kwa kodi ya chini, nakitoa gawio mwaka ninaotaka mimi. Yote halali, nina mihuri. Ukiangalia takwimu za kodi utasema "huyu jamaa kapunguza kufanya kazi, kipato kimeshuka". Hakuna kilichoshuka isipokuwa usingizi wa mhasibu.

Mkitaka mfano wa nchi nzima, chukueni mageuzi ya Marekani ya 1986. Kodi ya juu ya mtu binafsi ikashuka kutoka 50% hadi 28% ilipofika 1988, ikawa chini ya kodi ya makampuni iliyokuwa 34%. Ghafla matajiri wakaonekana wametajirika. Sehemu kubwa ilikuwa ni biashara zilizobadili usajili, faida iliyokuwa inaandikwa kwenye fomu ya kampuni ikaandikwa kwenye fomu ya mwenye kampuni. Visanduku vilevile vya mhasibu wangu, ila kinyumenyume.

Na kuna kucheza na kalenda, ambako ndiko rahisi kuliko kote. Uingereza walitangaza 2009 kwamba kuanzia Aprili 2010 watatoza 50% kwa kipato kinachozidi pauni 150,000. Wenye makampuni yao wakakimbiza gawio na bonasi kabla ya tarehe. Mamlaka ya kodi yenyewe ilikadiria kipato kilichovutwa nyuma kuwa kati ya pauni bilioni 16 na 18. Kisha wakatangaza kwamba Aprili 2013 kitashuka hadi 45%, watu wakashikilia malipo wakasubiri. Marekani, kabla Rais Clinton hajapandisha kodi mwaka 1993, wakurugenzi walitumia haki zao za kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa awali mwishoni mwa 1992. Mchumi Austan Goolsbee aliwafuatilia: mwanzoni inaonekana kipato cha wakubwa kimeporomoka vibaya kwa sababu ya kodi, lakini ukitazama kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya anguko ilikuwa ni malipo yaliyosogezwa tarehe.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kodi imepanda na kipato cha matajiri kimeshuka mwaka uliofuata", muulize mwaka uliotangulia kilikuwaje.

---

TozaMatajiri

Asante kwa kukiri, Fundi. Umeniandikia hoja yangu. Tatizo siyo 50%, ni visanduku vitatu. Toza gawio sawa na mshahara, funga ghala la kampuni, uone utakimbilia wapi.

---

Fundi_wa_Mikataba

Nitakimbilia kwenye pensheni. Wakifunga pensheni, nitaenda kuvua samaki. Siku hiyo ndiyo mtapata jibu la kweli la swali la mleta uzi.

(Ila kiukweli kwenye kutoza kwa usawa nakuunga mkono. Ninavyomlipa mhasibu inaniuma kuliko kodi.)

---

KodiNiWizi

Mmezunguka weee, mmeogopa kusema neno kuhama. Gérard Depardieu. Ufaransa 2012, Rais Hollande kasema 75% juu ya euro milioni moja, mwigizaji kahamia kijiji cha Ubelgiji hatua chache kutoka mpakani, Januari 2013 kapewa uraia wa Urusi ambako kodi ilikuwa 13% kwa wote. Wanamuziki wa Rolling Stones nao walikimbilia Ufaransa 1971 kuikwepa kodi ya Uingereza. Mnataka nini tena?

---

Bin_Hisabu

Nataka wasiokuwa maarufu.

Kwanza maliza hadithi ya 75%. Baraza la Katiba la Ufaransa liliifuta Desemba 2012, kwa sababu iliangalia mtu mmoja mmoja wakati kodi ya mapato kule huangalia kaya. Ikarudi kwa sura nyingine, inalipwa na mwajiri kwa mishahara inayozidi euro milioni moja, kwa miaka miwili tu, 2013 na 2014, kisha ikaachwa. Kwa hiyo Depardieu alikimbia kitu ambacho hakikumkuta hata jirani yake kwa namna kilivyotangazwa.

Pili, kuhama kunategemea mguu wako una kamba ngapi. Mtafiti Cristobal Young na wenzake walipitia hati za kodi za wenye kipato cha dola milioni moja na zaidi nchini Marekani: kwa mwaka waliohama jimbo walikuwa takriban 2.4%, chini kidogo ya watu wote kwa jumla, 2.9%. Ajabu, ila fikiria. Mtu wa kipato hicho kwa kawaida ana umri wa makamo, ana mke au mume, ana watoto shuleni, na wateja wake wanamjua kwa sura. Anayehama kirahisi ni kijana ambaye bado hajapata kitu.

Lakini wapo wenye miguu myepesi, na hapo KodiNiWizi ana haki yake. Wachezaji mpira: baada ya hukumu ya Bosman ya 1995 kuwafungulia mipaka ya Ulaya, wachumi Henrik Kleven, Camille Landais na Emmanuel Saez walionyesha kwamba nyota wanafuata nchi zenye kodi nafuu. Uhispania ilitoa kiwango cha 24% kwa wageni mwaka 2005, na sheria ikabatizwa jina la Beckham. Denmark nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliwapa wageni wenye mishahara mikubwa kiwango maalumu kwa miaka mitatu, na idadi ya wageni wa mshahara huo ikaongezeka takriban mara mbili. Wenyeji wa Denmark wenye mshahara uleule waliendelea na kodi ileile nzito, na nchi haikuhamwa.

---

Mzee_Pensheni

Vijana mnakumbuka kwamba haya siyo mapya? Mchumi Arthur Laffer alichora mchoro wake kwenye leso ya karatasi mwaka 1974, kwamba kodi ikizidi kiwango fulani mapato ya serikali yanashuka. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, alikwisha kuyasema karne ya 14: dola ikiwa changa hutoza kidogo ikapata kingi, ikizeeka hutoza kingi ikapata kidogo.

Halafu kuna yule mwandishi wa vitabu vya watoto wa Sweden, Astrid Lindgren. 1976 aligundua kodi yake ya senti ya mwisho ni 102%. Asilimia mia na mbili, hamjasoma vibaya. Alikuwa amejiajiri, akawa analipa kodi ya mapato na ule mchango ambao kwa mwajiriwa hulipwa na mwajiri, vyote kwenye senti hiyo hiyo. Hakuhama, hakuacha kuandika. Akaandika hekaya ya kejeli gazetini, Machi mwaka huo. Septemba chama kilichotawala zaidi ya miaka arobaini kikashindwa uchaguzi, na yeye mwenyewe alikuwa mfuasi wa chama hicho. Kwa hiyo kwenye orodha yenu ya wanachofanya wenye kipato kikubwa, mmesahau kupiga kelele.

---

Mama_wa_Wawili

Naona wote mnamzungumzia mwanaume mmoja na mshahara wake. Ngoja niwaletee mtu wa pili wa nyumba.

Ziko nchi zinazotoza mume na mke kwa pamoja. Marekani ni hivyo tangu 1948, na Ujerumani nayo hutoza hivyo. Maana yake nini? Mume ana mshahara mkubwa, ndoo za chini zote kazijaza yeye. Mke akitaka kuanza kazi, senti yake ya KWANZA inaingia kwenye ndoo ya mwisho ya mumewe. Hana ile milioni ya kwanza isiyo na kodi, imeshaliwa. Ongeza malezi ya mtoto, nauli, nguo za kazini. Nimewahi kukaa kwenye nchi ya namna hiyo kwa miaka minne. Tulikaa mezani mimi na mume wangu, tukapiga hesabu ya kazi niliyopewa, jibu likatoka kwamba kwa mwezi mzima naileta nyumbani hela ya kununulia viatu. Mume akasema, "Basi pumzika tu." Sikuwa nimechoka.

Nilipumzika miaka minne. Hakuna takwimu iliyoandika kwamba kodi imempunguza mtu kazi, kwa sababu mwenye kipato kikubwa alikuwa yeye na yeye hakupunguza kitu.

Mageuzi ya 1986 aliyoyataja Fundi, mchumi Nada Eissa aliyaangalia kwa upande huu, kwa wake za wanaume wa vipato vya juu kabisa. Kodi ya mapato ya mume na mke iliposhuka, wake hao waliingia kazini kwa wingi kuliko wenzao. Waume saa zao zilikuwa zilezile. Sweden iliacha kutoza kwa pamoja 1971.

---

Shifti_ya_Usiku

Dada yangu, hiyo ya "sikuwa nimechoka" imenipata.

---

TozaMatajiri

Sawa, Mama wa Wawili kanishinda. Lakini nirudi kwa Bin Hisabu. Peter Diamond na Emmanuel Saez waliandika 2011 kwamba kiwango cha juu kinachoipa serikali mapato mengi zaidi ni 73%. Sasa mbona tunabembeleza 40?

---

Bin_Hisabu

Kwa sababu 73 ile ni jumla ya kila kodi inayogusa senti hiyo, pamoja na michango ya jamii na kodi ya mauzo, na inachukulia kwamba visanduku vya Fundi vimeshabanwa.

Ngoja niwape hesabu nyuma yake, nayo ni tamu. Kuna kipimo kinaitwa unyumbufu wa kipato kinachotozwa: sehemu unayobaki nayo ikipungua kwa asilimia moja, kipato unachoripoti kinapungua kwa kiasi gani. Martin Feldstein 1995 alipata namba kubwa, zaidi ya 1. Waliofuata wakaishusha, na mapitio ya Saez, Joel Slemrod na Seth Giertz ya 2012 yakaweka makadirio bora kati ya 0.12 na 0.40. Tuchukue 0.25.

Turudi kwenye jedwali la mleta uzi. Pandisha 40% iwe 50%. Unachobaki nacho katika kila 100 kinatoka 60 kwenda 50, kimepungua takriban 17%. Zidisha kwa 0.25, kipato kinachoripotiwa kinashuka kama 4%.

Mwenye milioni 10: anaripoti 9.6. Zamani ndoo ya juu ilitoa 40% ya milioni 7, sawa na 2,800,000. Sasa inatoa 50% ya milioni 6.6, sawa na 3,300,000. Serikali imepata.

Mhandisi wa milioni 3.2: asilimia 4 yake ni 128,000, na yote inatoka kwenye ile 200,000 iliyopo ndoo ya juu. Zamani ndoo ilitoa 80,000. Sasa inatoa 50% ya 72,000, yaani 36,000. Serikali imepoteza zaidi ya nusu.

Jedwali ni moja, na mmoja analipa zaidi huku mwingine analipa kidogo. Kiwango kikubwa kinaleta hela kwa walio mbali juu ya mstari. Kwa waliouvuka jana, kinawafukuza warudi chini. Ndiyo maana swali la mstari uwekwe wapi ni kubwa kuliko la asilimia ngapi, na bungeni wanapigana kuhusu asilimia tu.

---

KodiNiWizi

Leo nimekubali kitu kimoja hapa jukwaani. Naomba isichukuliwe kama mazoea.

---

Mkokotoaji

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Leo saa ya mapumziko nimemwita yule mhandisi. Nikamchorea ndoo nyuma ya bahasha, nikamwaga milioni tatu na laki mbili, nikamwonyesha: kwa cheo kipya unaongeza 120,000 mkononi, hupungukiwi. Akaishika bahasha, akaipitia mara mbili, akasema nimemwelewesha, na kwamba aliyemdanganya ni shemeji yake.

Nikamwuliza, kwa hiyo barua tuirudishe? Akasema cheo hicho kina simu za usiku, mtambo ukizimika saa tisa ni yeye. Na safari mbili kila mwezi. "Kwa laki na ishirini? Hapana, kaka."

Nikamwuliza, na ingekuwa laki mbili yote, bila makato?

Akanyamaza kidogo, anazungusha bahasha mezani.

"Ningeenda."